Baba anabana vidonge vyake vya Parkinson mpaka Alasiri ili akacheze bao. Nifanyeje?

BintiWete

Assalamu alaykum nyote.

Nipo Wete. Baba yangu ni mtu mzima wa miaka sabini na zaidi, zamani mpanda mikarafuu, na ana maradhi ya Parkinson. Yalianza kwa mkono wa kulia kutetemeka akiwa ameuweka tu pajani, wala hajashika kitu. Akiunyoosha kuchukua kikombe unatulia, ndiyo maana wengi hatukuamini kuwa anaumwa. Bega likafuata, tukamkanda kwa mafuta ya karafuu tukidhani baridi yabisi. Kisha mguu ukaanza kuburura, uso ukakosa kicheko, na watu wakaanza kumsema kuwa kaingia kiburi, haitikii salamu. Anaitikia, sauti ndiyo haitoki.

Daktari aliyeyajua maradhi yake yupo Unguja. Alimwandikia vidonge vya levodopa na kabidopa, na kwa kweli vilimrudisha. Akawa anafunga vifungo vya kanzu mwenyewe, akarudi barazani kucheza bao. Kwa mzee huyu bao si la kupotezea wakati. Watu hutoka Gando na Mtambwe kuja kutafuta ushindi kwake, wakarudi bila.

Sasa nije kwenye tatizo. Karatasi ya daktari imeandikwa 1x3. Mie nasomesha skuli, naondoka asubuhi na kurudi saa nane mchana, na mama yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mchana baba anakaa na mjukuu wake wa kiume ambaye hana ubavu wa kumwambia babu "meza dawa". Hesabu ya vidonge ikawa hainikubalii. Mara vinazidi, mara vinapungua. Nilipofua shati lake nikakuta kimoja mfukoni, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti vizuri kabisa. Nikamchunguza. Cha asubuhi anameza na chai. Cha mchana anakitia mfukoni. Akishasali Alasiri anameza viwili kwa mpigo, anachukua bakora yake, anakwenda barazani. Cha usiku siku nyingine hakimezi kabisa. Anasema, "Nalala tu, nitibu nini?"

Matokeo yake ni haya: kuanzia saa tano mpaka Alasiri amekakamaa kitandani, kujigeuza hawezi, kwenda msalani mpaka ashikwe. Halafu barazani, baada ya muda, mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe, kichwa na bega na mguu. Vijana wanacheka, wanasema mzee kapandisha. Jirani yetu mmoja naye ameshaleta mtu wa kumsomea.

Nikizungumza naye anajibu hivi: "Dawa zangu, mwili wangu, bao langu." Kaka yangu aliyeko Unguja anasema nimnyang'anye paketi niifungie kabatini. Bi mkubwa wa nyumba ya pili ananishauri nivisage nimtilie kwenye chai ya maziwa bila kumwambia. Na Ramadhani ndiyo hiyo inakuja. Mwaka jana alifunga, vidonge akavisogeza kwenye futari na daku, na sitaki hata kusimulia hali yake ya mchana ilivyokuwa.

Kuna mtu humu ana mgonjwa wa namna hii? Mnawafanyaje wameze dawa kama walivyoandikiwa?

KaraniMstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Mie sina mgonjwa, mgonjwa ni mie. Nipo Kikwajuni. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo ukiona herufi imejirudia mara tatu ujue kidole kiligandia.

Nilikuwa karani maisha yangu yote, na maradhi yalinijia kwa mwandiko. Mstari unaanza na herufi za kawaida, ukifika mwisho zimesinyaa utadhani zimeandikwa na sisimizi. Siku moja nakwenda kuchukua pencheni, kijana wa dirishani ananirudishia karatasi, saini si yangu. Nikatia tena, ikazidi kuwa ndogo. Foleni nyuma yangu inaguna. Ndipo nilipokubali kwenda kwa daktari.

Nianze na baba yako. Huyu mzee hakatai dawa. Anayekataa dawa huitupa uvunguni au kwenye chungu cha maua. Haifungi kwenye gazeti akaiweka mfukoni karibu na kifua. Yeye amegundua peke yake, bila kusomeshwa na mtu, kwamba kidonge hiki kina saa zake, kisha akazipeleka saa hizo anakozitaka. Kosa lake liko kwenye hesabu tu, na hesabu hiyo hakuna aliyekaa naye chini kumfanyia.

Kidonge kinavyofanya kazi ni hivi, kama nilivyoelezwa nikaelewa. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, na bila hiyo dopamini amri ya kutembea haifiki vizuri miguuni. Kwetu sisi seli hizo zinakufa pole pole. Levodopa inaingia ubongoni inageuzwa dopamini. Kabidopa inailinda isigeuzwe njiani ikaishia kukutapisha. Miaka ya mwanzo seli zilizobaki zinajua kuweka akiba, kwa hiyo ukimeza saa moja au ukichelewa mpaka saa tatu huoni tofauti. Zikizidi kupungua, akiba haina pa kukaa. Unaishi kwa kile kilichomo damuni saa ile, na damuni levodopa haikai: kwa kama saa moja na nusu, nusu yake ishaondoka. Ndiyo maana mzee wako asubuhi ni mtu na saa tano ni gogo.

Nikwambie inavyokuwa kwa ndani, maana mwenye afya haioni. Kwangu huanza na vidole vya mguu wa kushoto, vinajikunja ndani ya kiatu. Kisha sauti inashuka. Mke wangu ananiambia sema kwa nguvu, na mie najisikia nimesema kwa nguvu. Kisha mlango. Nafika kizingitini, miguu inagoma kuvuka, nusu ya mwili imeshatangulia. Watu wakiniona nimesimama pale hudhani nangoja kukaribishwa, wananiambia "pita mzee, pita", na kila wanavyonihimiza ndivyo ninavyoganda. Pamoja na hayo kuna hofu inayokuja nayo, haina sababu, inaondoka kidonge kikishika. Mtu aliyeonja hali hiyo mbele za watu mara moja tu, atafanya lolote isimkute tena mbele za watu. Ataficha, ataiba, atajikopesha kwa kesho.

Sasa hiyo 1x3. Karatasi haikutaja saa, na sisi tukiona mara tatu tunasoma chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Kwa vidonge vingi sawa. Kwa hiki ndiyo pabaya hasa. Levodopa inapita kwenye utumbo mdogo kwa njia ile ile inayopitisha protini, na zikikutana, protini ndiyo inayotangulia. Kidonge cha mchana ukikimeza pamoja na wali, mchuzi wa samaki na maharage ya nazi, huenda kisifanye kazi yoyote ya maana. Nina hakika baba yako ameshaliona hilo. Amemeza cha mchana mara nyingi hakuona faida, akasema kwa nini nikipoteze, nakiweka kiende kunisaidia Alasiri. Mie nameza nusu saa kabla ya kula, au nikishakula nangoja saa nzima. Kikinichafua moyo natafuna mkate mkavu au ndizi, si maziwa. Kwa hiyo wazo la chai ya maziwa, hata tukiacha udanganyifu wenyewe, halifai kwa dawa hii. Na udanganyifu sikushauri kabisa. Siku akijua, hatakula tena kwa mkono wako akiwa na amani.

Wapo watakaokwambia vidonge uvifunge na sala kwa kuwa ndizo saa ambazo mzee hazisahau. Ni wazo zuri mpaka ulitie kwenye saa. Kutoka Alfajiri mpaka Adhuhuri ni zaidi ya saa saba. Kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri ni kama tatu, Alasiri mpaka Magharibi hazifiki tatu. Utamwacha mtu mkavu asubuhi nzima halafu umshindilie jioni, na hilo ndilo analolifanya sasa hivi mwenyewe.

Mie daktari wangu hakuniongezea dawa hata chembe. Nilikuwa kwenye kidonge kimoja mara tatu, akanigawia nusu mara sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku. Jumla ni ile ile. Cha saa kumi na mbili kinakaa kando ya kitanda na chupa ya maji, nakimeza kabla sijatoa miguu. Ukiangalia, cha saa tisa kinakuwa kimeshashika ifikapo saa kumi. Usiige dozi yangu, mwili wa mtu mwingine na daktari mwingine, ila chukua namna ya kuuliza. Mkalishe mzee, mjukuu asiwepo, kaka asiwepo kwenye simu, umuulize jambo moja tu: "Baba, unataka mwili uwe wako kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?" Jibu lake ulipeleke kwa daktari kama lilivyo. Daktari anayejua kazi yake atapanga vidonge kulizunguka hilo baraza, kwa sababu kwa dawa hii saa ni sehemu ya dozi.

Kabatini msifungie. Karani mwenzangu mmoja alifungiwa dawa zake na wanawe, akawa anaomba kidonge kwa mtoto aliyemlea mwenyewe. Hakukaa muda mrefu akaacha kuomba.

Na ule mwili kujinyonganyonga, waambie wanaocheka: huko si kupandisha, na kwa hakika si hata maradhi yenyewe. Ni dawa imezidi kwa wakati mmoja. Mchukue kwa simu akiwa katika hali ile, kisha umchukue saa tano akiwa amekakamaa, umwonyeshe daktari zote mbili. Sisi tukifika chumba cha daktari huwa tumejikaza na kidonge tumemeza mlangoni, anatuona wazima.

Huyo aliyeletwa kumsomea, msimfukuze. Mie kombe nakunywa, dua napokea, kisha saa tatu ikifika nameza nusu yangu. Daktari wa London, James Parkinson, aliyaandika maradhi haya mwaka 1817, na levodopa imeanza kupewa wagonjwa miaka ya 1960. Katikati hapo watu walikaa wakikakamaa zaidi ya miaka mia moja na arubaini bila levodopa. Nikikikumbuka hicho, alamu ya simu hainiudhi.

MzaliwaWaMkoani

Mnahangaika na vidonge vya kuagiza wakati dawa ipo porini. Upupu. Mbegu zake zisagwe, kijiko asubuhi kijiko jioni. Kuna mzee huku kwetu aliacha vidonge vyote na anatembea.

NesiUnguja

MzaliwaWaMkoani, hukukosea kabisa, na ndiyo maana nakuogopa. Mbegu za upupu zina levodopa ya kweli. Imepimwa, na madaktari wameshawajaribu wagonjwa wa Parkinson kwa unga wake, ikaonekana inafanya kazi. Lakini unga wa kijiko hauna namba. Mbegu ya shamba hili na ya shamba lile hazilingani, na kabidopa ndani yake hamna, kwa hiyo kutapika kunakuwa kwingi zaidi. Mzee wa BintiWete tayari anajinyonganyonga kwa vidonge viwili. Mwongezee kijiko cha upupu juu yake, presha ishuke anaposimama, aanguke avunje nyonga. Anayetaka kutumia amwambie daktari, asichanganye kimya kimya.

Na hilo la "aliacha vidonge vyote" naomba lisiigwe na mtu yeyote anayesoma hapa. Mgonjwa aliyezoea levodopa akiikata ghafla anaweza kupata homa kali, mwili ukawa mgumu kama ubao na akili ikachanganyikiwa. Ni hali ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Inatokea pia dawa zikiisha dukani, si kwa ukaidi tu.

Dada BintiWete, KaraniMstaafu amesema mengi ambayo ningesema mimi, tena ameyasema kwa mamlaka ambayo mimi sina. Niongeze ya upande wetu wa dawa.

Mtamleta baba Unguja kwa boti, sivyo? Boti ikifika mkondo wa Nungwi watu wanatapika, na wengi tunameza kidonge cha kuzuia kutapika kabla ya kupanda. Kile kinachouzwa kwa jina la Stugeron ni sinarizini, na sinarizini inazidisha Parkinson. Kwa mtu mzima akiitumia mfululizo inaweza hata kumletea dalili hizo asiyekuwa nazo. Usimpe. Akitapika na kupelekwa kituo chochote, useme mapema kabla sindano haijavutwa: ana Parkinson, asipewe Plasil, dawa nyingine ya kuzuia kutapika. Hiyo inaingia ubongoni inaziba pale pale dopamini inapotakiwa kushika. Ipo domperidoni ambayo kwa kawaida haifiki huko. Daktari ataamua kama moyo wake unairuhusu. Vivyo hivyo haloperido. Wazee wa Parkinson wakati mwingine huona watoto wadogo wamekaa mlangoni, au paka asiyekuwepo, na ndugu wakamkimbiza kwa anayetibu akili akapigwa haloperido, kesho yake hawezi hata kumeza mate. Maono hayo mara nyingi yanatokana na dawa au na maradhi yenyewe, na yana namna yake ya kupunguzwa.

Angalia pia kama katika mfuko wake wa dawa kuna kidonge kinachoitwa Artane au benzheksoli. Wazee wengi hupewa kwa sababu ni rahisi na kinapatikana. Kinapunguza kutetemeka, ndiyo, lakini kwa umri wake kinakausha mdomo, kinafunga choo, kinabana mkojo na kinasahaulisha. Mgonjwa akisahau kama amemeza, hapo ufuasi wa dawa tunautafuta wapi tena? Usikikate mwenyewe. Uliza.

Choo nacho ni sehemu ya dawa. Mgonjwa aliyefunga choo siku nyingi, tumbo lake linachelewa kuteremsha kidonge, na kidonge kisipoteremka utumboni hakifanyi kitu. Maji, papai, mboga za majani. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vikae mbali na levodopa, saa mbili au zaidi.

Kuhusu kusaga: vidonge vya kawaida vinakatika nusu bila tatizo, ila vile vya kuachia dawa taratibu havisagwi wala havitafunwi. Na paketi ikibadilika rangi usibishane na rangi, soma namba. Kampuni tofauti zinatoa rangi tofauti. Lakini 250/25 na 100/25 (miligramu za levodopa kwanza, kisha za kabidopa) si kitu kimoja, na nimeshaona mtu akinywa ya pili wiki nzima akidhani maradhi yamepanda.

Wewe hujasema, ila nakuuliza: anabana vidonge kwa ajili ya bao tu, au pia kwa sababu ameshaona siku vilipokosekana? Maana hilo nalo ninalikuta sana. Dawa hii si ya kila duka. Wagonjwa wenyewe wanaojijua ni wachache: huko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu kuwa hii ni Parkinson. Wagonjwa wasipojulikana, mwenye duka ataagizia nani?

BintiWete

Shukran sana, na shikamoo mzee wangu KaraniMstaafu.

Nimemuuliza. Nilingoja jana baada ya chai, mjukuu kaenda chuoni, nikamuuliza kwa maneno yako yale yale. Alinyamaza kwanza, nikadhani hakusikia. Kisha akasema: "Saa kumi mpaka Magharibi. Na Ijumaa. Nyingine mchukueni." Halafu akaongeza ambalo sikulitegemea, kwamba Ijumaa amekuwa akikaa safu ya nyuma karibu na viatu kwa kuwa akisujudu hainuki, na hataki kuinuliwa na watu.

NesiUnguja, ulilouliza ndilo. Kuna wakati vilikwisha hapa Wete, kaka akavitafuta Unguja, vikaja kwa boti baada ya siku kadhaa, na baba zile siku hajazisahau. Chini ya godoro nimekuta akiba nyingine, nusu nusu, vimeanza kumeguka kwa unyevu. Aliponiona navitazama akasema, "Hivyo ni vya njaa." Nimemwachia paketi moja nzima iliyofungwa, nimemwambia hiyo ndiyo ya njaa, hivi vya nusu tuvitumie kwanza vile ambavyo havijaharibika. Amekubali. Tena amekubali kwa furaha, kitu ambacho kwa kumfungia kabatini nisingekipata.

Video nimechukua zote mbili. Ile ya kujinyonganyonga alinikatalia, mpaka nilipomwambia anayeitazama ni daktari peke yake. Na nilimfanyia jaribio dogo: mchana ule ule wa jana kidonge alikimeza saa sita, chakula tukakisogeza mpaka karibu na saa saba, samaki nikambakishia wa usiku. Saa saba na robo alikwenda msalani mwenyewe. Mjukuu ndiye aliyekuja kunisimulia kwa kupiga kelele.

Stugeron nilikuwa nayo kwenye pochi. Nimeitoa.

Imebaki Ramadhani. Hapo nikimgusa anakuwa mwingine kabisa, anasema hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu abaleghe.

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu.

Hapo mie na baba yako tumepita njia moja, kwa hiyo nitasema kidogo. Usimwendee na hoja za hospitali. Mwendee na shehe wake, yule anayemwamini, siyo wa kwenye simu. Baqara aya ya 184 na ya 185 zimemtaja mgonjwa waziwazi, na shehe atamweleza kuwa mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hana hata deni la kulipa siku, ana fidia: kila siku kibaba cha chakula kwa maskini. Mie mchele naupima mwenyewe, kwa mkono huu huu unaotetemeka, na unamwagika mwingi ukutani kabla haujafika kwenye mfuko. Inachukua asubuhi nzima ya siku moja, na nikimaliza najiona nimefunga.

Akikataa kabisa, basi daktari aambiwe kabla, siyo Ramadhani imeshaingia. Kuna wanaobadilishiwa vidonge na kupewa vya kuachia taratibu, kuna wasioweza. Kwa mtu anayemeza mara nyingi kwa siku, sikumbuki daktari hata mmoja aliyenambia inawezekana.

Safu ya nyuma: mwambie aombe kiti. Msikitini kwetu vipo vitatu ukutani, na kimoja nimekizoea mpaka vijana wanakiita changu.

MzaliwaWaMkoani

Nimeelewa nesi. Nitamwambia yule mzee angalau daktari ajue.

NesiUnguja

Ahsante, kaka yangu, na umwambie kweli.

BintiWete, mkija Unguja andika kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa: saa anazomeza, saa kinaposhika, saa kinapokwisha, saa anapojinyonganyonga. Siku tatu nne zinatosha. Juu kabisa uandike lile jibu lake, saa kumi mpaka Magharibi na Ijumaa. Kwenye boti vidonge vikae kwenye pochi yako, visiende na mizigo, na chukueni vya siku zaidi ya mlizopanga kukaa, bahari ikichafuka boti haziondoki. Saa yake ikifikia katikati ya safari ameze hapo hapo kwa maji, asingoje kufika.